Mteremko Uliochorwa Mchangani

Fuatino hapendi kubebwa. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana mpaka leo kuna watu hapa Fagaloto wanaosema alikuwa na kiburi, eti vijana walimtolea mabega yao akayakataa mbele ya wageni. Wanaosema hivyo hawakuwepo kwenye yale mazishi ya kijiji cha jirani. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwa nyuma yake kabisa.

Ulikuwa mwaka ule ule aliokatwa mguu. Sukari ilianza na kidole, ikapanda, na daktari akakata juu ya goti. Kanisa la wale jirani zetu lina ngazi ndefu, basi vijana wakamnyanyua na kiti chake cha magurudumu. Katikati ya ngazi mmoja akateleza. Kiti kikalala upande, shuka yake ikafunguka, na kile kipande cha mguu kikawa wazi mbele ya umati. Watoto wakacheka. Watoto siwalaumu. Waliomuumiza ni watu wazima waliogeuza nyuso harakaharaka, kwa namna ya kumwonyesha kwamba wameona vizuri.

Aliimba mazishi yote uso mkavu. Tuliporudi nyumbani ndipo alipozungumza. "Vaipou," akaniambia, "mtu asinibebe tena kuingia nyumba ya Mungu. Kama siwezi kuingia mwenyewe nitakaa nje na mbwa."

Kaka yake alikuwa ameketi palepale. Alilia aliposikia. Namsema alivyokuwa, simwongezei wala simpunguzii: machozi yalimtoka.

Huyu kaka ndiye mzee wa ukoo wao na jina lake la cheo ni Maulolo. Kijiji kizima tunamwita hivyo. Mama yake alimwita Tavita, na aliyebaki kumwita Tavita ni Fuatino peke yake. Kwetu kaka na dada wana agano tangu wanazaliwa. Dada ndiye anayekula kwanza, dada hajibiwi kwa ukali, na Jumapili tanuri la mawe likifunuliwa, sehemu nzuri ya nguruwe inakwenda kwa dada kabla kaka hajalamba kidole. Na dada akimlaani kaka yake, hata mchungaji haigusi laana hiyo. Wazungu wamekuja na dawa zao na Biblia zao, wameondoka, na kaka bado wanaogopa.

Fuatino hakuolewa. Aliolewa na kwaya, ndivyo tulivyomtania. Alikuwa mwalimu wa kwaya yetu tangu meno yake yote yalipokuwa kinywani, na alikuwa mkali huyo, mama yangu wee. Ukikosea sauti ya pili hakutukani. Ananyamaza, anakutazama, halafu anasema, "Tuanze tena, tumngojee Vaipou atoke sokoni." Na wewe unatamani ardhi ikumeze.

Kanisa letu la zamani lilikuwa chini, la chokaa ya matumbawe, na kizingiti chake hakifiki hata kifundo cha mguu. Alikuwa akiingia na magurudumu yake bila kumsumbua mtu. Lakini jirani walikuwa wamejenga refu, na watu wa Fagaloto hawawezi kulala kama jirani wana refu. Basi la zamani likabomolewa, na baraza la wazee wa koo likaamua jipya liinuliwe juu ya msingi unaompita mtu kimo, lionekane mpaka baharini. Wakati wa ujenzi tulisali chini ya banda la mabati, juu ya kokoto, na Fuatino akawa anatuongoza hapo.

Siku msingi ulipomwagwa zege, Maulolo alikuja nyumbani kwa dada yake. Nyumba yetu na yake zimepakana, na nyumba za huku hazina kuta, kwa hiyo sikuhitaji kudukua. Akachukua kijiti, akachuchumaa mchangani.

"Ona, dada," akasema. "Huu ni mlango. Hizi ni ngazi. Na hapa pembeni, kuanzia kwenye mti wa shelisheli, mteremko wa zege unapanda taratibu mpaka mlangoni. Siku ya kufungua, utapanda mwenyewe, kwa mikono yako. Hakuna mtu atakayekugusa."

"Na upana?" Fuatino akauliza.

"Upana wa viti viwili, ili Vaipou asikukanyage na lile umbo lake."

"Mimi nasikia, Maulolo," nikasema kutoka kwangu.

"Ndiyo maana nimesema."

Tulicheka sote. Akaahidi kwamba kwa saruji itakayobaki atamjengea wa pili hapo nyumbani, maana nyumba ya Fuatino imeinuliwa juu ya mawe kama za watu wote, na kila asubuhi mimi na mume wangu Iakopo ndio tunaomshusha. Fuatino hakutaka mtu aukanyage ule mchoro. Mvua ilipoufuta, alikuwa ameshauweka kichwani.

Akatunga wimbo wa ufunguzi. Maneno ni ya zaburi, sauti ni zake. Ulianzia nje, polepole, besi peke yao, halafu wengine wanaingia mmoja mmoja, na ubeti wa mwisho ulikuwa uimbwe ndani, chini ya dari mpya, kwa nguvu zote. Tuliufanyia mazoezi nyumbani kwake mpaka kuku wakaujua. "Ubeti wa mwisho msiuimbe wote," alikuwa akituambia. "Uacheni. Huo tutauimba nikiwa mbele yenu, ndani." Alipanga mpaka atakaposimamisha kiti chake, kushoto kwa mimbari, ili besi waone mkono wake.

Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka duniani. Hakuomba mguu urudi, hakuomba pensheni. Aliomba aingie kwa magurudumu yake, ainue mkono.

Kuta zikasimama, ngazi zikamwagwa pana sana, wakazipaka rangi nyeupe mpaka zikaumiza macho. Kando ya mti wa shelisheli hapakuwa na kitu. Nikajipa moyo, nikasema labda unakuja mwisho. Halafu nikaona wanawake wenzetu wa kamati wamepanda maua hapo, safu mbili, na mawe yamepangwa kuzunguka. Nikamfuata fundi.

"Mteremko wa mwalimu wa kwaya utapita wapi? Juu ya maua?"

Fundi akanitazama kama nimetoka kuota. "Mama, huo ulifutwa zamani. Nikaambiwa mwenyewe hautaki."

Nikarudi nyumbani moja kwa moja. Iakopo alikuwa anakuna nazi. Iakopo naye ni mzee wa ukoo, anakaa kwenye baraza, na mtu huyo nimeishi naye na kumzalia na sijawahi kujua anaweza kufunga mdomo kiasi hicho.

"Nani alisema Fuatino hautaki mteremko?"

Akaendelea kukuna nazi. Nikamnyang'anya nazi.

"Maulolo," akasema.

Basi akanieleza. Barazani kulikuwa na ubishi. Wengine walisema mteremko utaharibu uso wa kanisa, ndugu wa ng'ambo watakuja kutoka Auckland na makamera, watauliza hili ni kanisa au ghala la nazi. Mchungaji alikuwa upande wa Fuatino. Akauliza, mwenyewe anasemaje? Hapo wakamgeukia Maulolo, kwa sababu kwetu mzee wa ukoo ndiye anayesema kwa niaba ya nyumba yake, na akishasema limesemwa. Maulolo akasema dada yake amechoka. Anaomba apumzike. Hautaki mteremko, hataki hata kuongoza kwaya, anaomba nafasi yake aishike Lupe.

Lupe ni binti yake Maulolo. Amejifunza kuimba kwenye mkeka wa shangazi yake tangu anatambaa.

"Wakafanyaje?"

"Wakasifu. Wakasema hiyo ni nyumba yenye unyenyekevu. Wakawapa heshima ya mlango. Lupe ndiye atakayeshika ufunguo."

"Na wewe? Wewe unayeona kila asubuhi anavyofanya mazoezi? Huo mdomo ni wa majimbi tu?"

"Mke wangu, mtu hambishii mzee wa ukoo kuhusu mtu wa nyumba yake. Ningemwambia nini? Kwamba namjua dada yake kuliko yeye?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akaniomba nazi yake. Sikumpa. Siku ile alikula majimbi makavu, bila tui, na asubiri mpaka leo niombe radhi.

Nilimwendea Fuatino saa ile ile. Nilimweleza yote, na nilikuwa nalia kwa hasira. Alinisikiliza akiwa anakunja karatasi zake za nyimbo. Kisha akasema, "Iakopo amesikia vibaya."

"Hakusikia vibaya. Nenda katazame maua."

"Tavita alilia mbele yangu, Vaipou. Wewe ulimwona. Kaka hamfanyii dada yake hivyo. Labda wa baraza wamefanya, sasa anaona haya kuniambia. Lakini si yeye."

"Ni yeye."

"Basi nenda nyumbani," akasema, kwa ile sauti ya mazoezini. "Nenda, kabla hujasema neno ambalo sitaweza kulisahau."

Nikaenda. Nilijisikia kama niliyepigwa kibao kwa kumwamsha mtu nyumba inapoungua. Mimi rafiki yake wa maisha nimekuwa mchonganishi, na yule mwenye kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa bado ni Tavita wake.

Jumapili Maulolo akaleta sehemu ya dada, kama kawaida, nyama na majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui. Fuatino akamwuliza waziwazi. Nilisikia, na wala sikujificha.

"Tavita, mteremko wangu uko wapi?"

"Unakuja, dada. Zege halikutosha. Tunatengeneza wa mbao, utawekwa siku yenyewe, imara kabisa."

"Utakuwa pale pembeni?"

"Palepale nilipokuchorea."

Fuatino akanitazama kule kwangu, kwa ushindi kidogo. Akala ile nyama. Maulolo akabaki ameketi, ameinamia mikono yake, na alipopita mbele ya nyumba yangu hakunisalimia. Ndivyo alivyomdanganya mara ya pili, na mara hii alikuwa anamlisha.

Siku ya kufungua kanisa tuliamka tukiwa weupe wote, magauni meupe, kofia nyeupe, shuka za wanaume zimepigwa pasi mpaka zinakata. Wageni walijaa uwanja. Mimi na Iakopo tulimshusha Fuatino. Mimi na yeye hatukuwa tumezungumza vizuri tangu siku aliyonifukuza, lakini nilimnyoosha kofia, naye akanishika mkono akaubana. Alikuwa na glavu mkononi, za kusukumia magurudumu ili mikono isichafuke kwenye mteremko. Alizishona mwenyewe. Nikiziona glavu zile mpaka leo moyo unaniuma.

Tulipofika uwanjani, jambo la kwanza alilotazama ni pembeni ya ngazi. Maua yalikuwa yamechanua.

"Bado hawajauleta," akasema.

Nikaenda kushika nafasi yangu kwenye sauti ya pili.

Kwaya tukapangwa chini ya ngazi, na yeye mbele yetu, mgongo kwa wageni. Akainua mkono. Nitasema ukweli, sijawahi kuimba vile na sitaimba tena. Besi walianza chini kabisa, tukaingia sisi, zikaingia sauti za kwanza, na ndugu wa Auckland wakasahau makamera yao. Tulipofika mwisho wa ubeti wa pili akafunga ngumi, tukakata pamoja, na uwanja ukawa kimya. Ubeti uliobaki ulikuwa wa ndani.

Lupe akapanda ngazi na ufunguo juu ya kitambaa. Akafungua. Mlango ukafunguka pande zote mbili, tukanusa rangi mpya. Mchungaji akageukia watu, akashukuru mafundi, akashukuru kamati, akashukuru walioko ng'ambo. Mtu mwema yule, hakujua anachofanya. Akasema, "Na kwa namna ya pekee tunamshukuru mama yetu Fuatino, ambaye kwa hiari yake mwenyewe aliomba apumzike, akakataa kujengewa mteremko, akamwachia Lupe, binti wa kaka yake, kazi ya kwaya. Huo ndio unyenyekevu. Leo, mama, hata kama hukutaka kusumbua, vijana watakubeba uketi nasi."

Watu wakapiga makofi. Fuatino hakugeuka kumtazama mchungaji. Alimtafuta kaka yake. Maulolo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kwanza, na shada la maua shingoni, na yeye ndiye aliyeshuka na vijana wanne nyuma yake.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakushika upande huu mwenyewe. Hutaanguka."

"Ulisema sitaki," Fuatino akasema.

"Dada, watu wanatazama."

"Ulisema hayo, au mchungaji amesikia vibaya naye?"

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye shada. Ningeweza kumhurumia kama ningekuwa mtu mwingine.

Fuatino akavua glavu, moja, nyingine, akaziweka mapajani. Halafu akapaza sauti, ile ya kufika mpaka kwa besi wa nyuma, lakini kwa upole kabisa. "Mchungaji, nashukuru kwa maneno yako. Vijana, asanteni, rudini. Mzee wa nyumba yetu alisema mbele ya baraza kwamba sitaki. Sisi hatumfanyi mzee wetu mwongo mbele ya wageni. Kama alisema sitaki, sitaki." Akanigeukia. "Vaipou, nirudishe nyumbani."

Lupe alikuwa juu mlangoni, ufunguo mkononi, analia. Hakuwa anajua, masikini. Alikuwa ameambiwa shangazi ameomba. Nilikishika kiti, nikakigeuza, na magurudumu yakakwama kwenye kokoto mbele ya kijiji kizima mpaka Iakopo akatoka kwenye safu ya wazee na kuja kunisaidia. Hilo nilimhesabia. Nyuma yetu hakuna aliyejua afanye nini. Mwishowe wakaingia.

Tukampandisha nyumbani kwake. Kutoka pale unasikia kanisa lote. Tukamsikia Lupe akianzisha ule ubeti wa mwisho, juu mno, sauti za kwanza zikakatika katikati, besi wakapotea. Kidole cha Fuatino kilikuwa kinapiga polepole kwenye mkono wa kiti, kikiwavuta warudi. Kisha akakikunja kidole.

"Uliniambia," akasema.

"Achana na hayo."

"Nilikufukuza, na wewe uliniambia. Nilikula ile nyama yake, Vaipou." Hapo ndipo alipolia, na alilia vibaya, kwa sauti, mdomo wazi, na mimi nikalia naye.

Karamu ilikuwa bado inaendelea tulipomwona Maulolo anakuja peke yake kwenye njia. Shada hana. Kichwani alikuwa amejifunika mkeka wa heshima, ule mwembamba unaosukwa mpaka unakuwa laini kama kitambaa, ambao hautoki sandukuni ila kwa jambo kubwa. Niliujua mkeka ule. Fuatino ndiye aliyeusuka, wakati Maulolo anapewa cheo chake.

Kwetu mtu aliyekosa kosa la damu hufanya hivyo. Anakuja amejifunika, anaketi chini mbele ya nyumba ya aliyemkosea, hasemi. Aliyekosewa akishuka na kumfunua mkeka, yamekwisha. Asiposhuka, mtu anakaa pale. Hii hufanywa kati ya ukoo na ukoo, mtu akiuawa. Kaka kumfanyia dada yake sijawahi kuona, wala Iakopo hajawahi. Nadhani alikuwa anaogopa laana. Labda pia alikuwa anajuta kweli, sijui, sikuwa ndani ya mkeka.

Aliketi mchangani chini ya ngazi za dada yake, palepale alipochora. Watu wakaanza kusogea kutoka kwenye karamu, wakasimama mbali, hata mchungaji, sahani mkononi. Kila mtu alikuwa anamngoja Fuatino. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono yangu iko kwenye kiti, Iakopo ameshajiinua tayari kushika upande wa pili kama tunavyofanya kila asubuhi.

Fuatino akasogeza kiti mpaka ukingoni mwa sakafu, pale mawe yanapoanza. Akautazama ule mkeka kwa muda.

"Maulolo," akasema. Si Tavita. Niliona mkeka ukitikisika. "Nimekuona. Ningeshuka nikufunue. Nishukie wapi?"

Alibaki ukingoni, mikono mapajani juu ya zile glavu, naye kaka yake akabaki chini, jua linampiga. Iakopo alinitazama, akinikonyeza tumshushe. Mikono yangu haikutoka kwenye kiti. Nilikuwa nangoja aniombe, na hakuniomba.